Natafuta jina la picha: mwanaanga aliyeachwa peke yake, umeme ukakatika kabla ya mwisho. Nani alimjibu?

#1 Mwana Mwanjelwa

Wakuu, habari za jioni. Kuna picha niliiona mwaka 2013 kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa. Mpaka leo sijui jina lake wala mwisho wake. Naomba mnisaidie kwa yote mawili.

Ilikuwa Jumapili ya mvua. Mwenye kibanda alikuwa na deki moja, TV ya chogo na mabenchi manne, kiingilio shilingi 200. Aliweka hiyo CD akidhani ni picha ya vita, maana inaanza na wanajeshi wa zamani wa bunduki za kushindilia, wamejaa tope, wanasubiri kufa. Watu wakashangilia. Mbele kidogo vita ikapotea, tukajikuta angani. Kuna jamaa mmoja ndani ya chombo, hana mwenzake. Anakimbia mazoezi, anakula, anatengeneza mitambo, anaripoti duniani. Halafu huku duniani kukachafuka, mawasiliano yakakata. Basi. Hakuna anayemwita tena.

Nusu ya kibanda walitoka, wengine wanadai 200 yao. Mimi na kaka yangu tukabaki. Yule jamaa anakaa miaka. Nywele ndefu, mwili umejaa michoro, humo ndani pamekuwa kama tundu la panya. Anaongea na picha za watu waliokaa humo kabla yake, tena anazijibu kama vile zimemuuliza. Halafu siku moja anaitwa. Sauti inamwambia aje aegeshe, kila kitu kiko tayari kwa ajili yake.

Hapo hapo umeme ukakatika.

Tulikaa gizani karibu saa nzima, mvua inapiga bati, tunasubiri. Haukurudi. Kesho yake tukaenda tena, mwenye kibanda akasema CD ameshairudisha alikoikodi.

Kaka anasema yule mtu alishakufa zamani, ile sauti ni ya kichwani mwake. Mimi nasema aliitwa kweli. Kaka sasa yuko Sumbawanga, mimi niko Mbeya, na kila tukipigiana simu tukimaliza habari za nyumbani tunarudi kwenye hili. Nani alimjibu yule mtu?

#2 Steringi Hafi

Mkuu, soma jina langu. Kaka yako amevunja sheria ya kwanza ya kibanda.

#3 Mnyalukolo Halisi

Kamwene. Si ile ya jamaa anayechimba madini mwezini, ana mashine inayoongea naye?

#4 Mwana Mwanjelwa

Hapana mkuu, hiyo niliiona baadaye. Huyu hayuko mwezini na hana mashine ya kuongea naye. Ana picha tu, za karatasi, amezibandika.

#5 Binti Makambako

Ile ya yule dada anayeelea baada ya vyuma kugonga chombo chao?

#6 Steringi Hafi

Dada wa Makambako, mwenye uzi kasema jamaa. JAMAA. Soma kwanza.

#7 Fundi Spika Uyole

Nimeipata, na nimefurahi kuona kuna mtu mwingine Mbeya hii aliyeiona.

Inaitwa Love, ya mwaka 2011. Mwongozaji ni William Eubank, ndiyo picha ndefu yake ya kwanza. Steringi ni Gunner Wright, humo ndani anaitwa Lee Miller. Waliosimama nyuma ya picha yenyewe ni bendi ya Marekani, Angels & Airwaves, na muziki wote ni wao. Mimi niliifuata kwa ajili ya muziki. Nafunga spika za magari na kumbi, na kuna kipande anapoelea nje ya kituo ambacho mpaka leo ndicho nakipigia mteja akitaka kujua besi yake imekaa sawa.

Bajeti ilikuwa kama dola 500,000. Kwa Hollywood hiyo haitoshi hata kumlipa staa mmoja. Kwa hiyo kile kituo mlichokiona hakikujengwa studio. Kilijengwa uani, nyumbani kwa wazazi wa mwongozaji. Alitumia mbao za MDF, mablanketi ya kufungia vyombo wakati wa kuhama, mifuko ya kubebea piza, Velcro na taa za Krismasi. Eubank alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa watu wa kamera, Panavision, kwa hiyo taa alizijua. Nilipojua hayo niliirudia nikitazama kuta peke yake. Ukiangalia vizuri zile kuta laini zilizofungwa mikanda unaona kabisa kushona kwa blanketi. Na bado nikaogopa kama mara ya kwanza.

Tarehe 10 Agosti 2011 ilionyeshwa usiku mmoja kwenye kumbi zipatazo 460 huko Marekani, halafu ikapotea kwenye CD kama hiyo iliyokufikia Mwanjelwa.

Mwisho wake naujua. Niuseme hapa?

#8 Mwana Mwanjelwa

Fundi, mikono inanitetemeka. Sema.

#9 Fundi Spika Uyole

Asiyetaka kuujua aruke.

Kwanza ile vita ni ya Marekani wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1864. Yule mwanajeshi ni Kapteni Lee Briggs. Anatumwa kwenda kukiona kitu cha ajabu kilichogunduliwa huko mbele. Miaka 175 baadaye, 2039, Miller anapelekwa peke yake kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kukikagua, maana kimeachwa tupu miaka 20. Kuna sehemu umeme wa kituo unasumbua, anaingia chumba kisicho na hewa kutengeneza, na humo anakuta daftari la yule kapteni wa 1864. Daftari la karne ya 19, angani! Nadhani hiyo mliiona.

Miaka sita inapita. Hewa inapungua. Anavaa suti, anatoka nje akitaka kujiachia aanguke kuelekea duniani aungue njiani, anashindwa, anarudi. Halafu ndiyo ile sauti.

Anaegesha. Anakuta jengo kubwa mno, halina mtu. Anatembea mpaka anafika kwenye mitambo ya kuhifadhi kumbukumbu, kama seva. Kuna kitabu, ndani yake kuna picha za Briggs na kile kitu alichokiona, dude kubwa lenye umbo la mchemraba. Miller anatafuta jina lake kwenye faharasa, anaingiza namba, na anajikuta mahali penye kumbukumbu za watu. Sauti inaongea naye habari za wanadamu kuhitajiana. Mwisho.

Kwa hiyo mkuu, aliitwa kweli. Ila walioita hawakuwa watu.

#10 Mwl Fizikia Tukuyu

Ndaga fijo fundi kwa maelezo. Mimi nakubaliana na kaka wa Sumbawanga, na nina hesabu.

Mtu mmoja anatumia karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Miaka sita ni siku kama 2,190, zidisha unapata kilo 1,840 hivi. Kule oksijeni wanaipata kwa kupitisha umeme kwenye maji. Kilo moja ya maji inatoa oksijeni kilo 0.89, kwa hiyo kwa kupumua tu anahitaji tani mbili za maji na ushee. Hajanywa. Hajala. Na mtambo wenyewe uwe mzima miaka yote hiyo bila kipuri kimoja kutoka chini.

Pili, kituo hakikai juu chenyewe. Kiko kama kilomita 400, huko bado kuna hewa nyembamba inayokivuta, na kila baada ya muda lazima kisukumwe kwa injini. Ukikiacha miaka 20 bila mtu na bila kukisukuma, huyo Miller hakuti kitu. Skylab ya Wamarekani iliachwa Februari 1974, Julai 1979 ikaanguka, vipande vikatua Australia. Miaka mitano na miezi!

Tatu, pale anapotaka kujiachia aungue. Ukijifungua kamba nje ya kituo huanguki. Wewe na kituo mnakwenda kasi ileile, karibu kilomita 28,000 kwa saa. Utaelea pembeni yake mnatazamana. Hewa itakwisha kwenye suti muda mrefu kabla ya kuungua.

Kwa hiyo kwangu mimi alikufa mapema, labda kwenye kile chumba kisicho na hewa. Daftari la 1864 ndiyo dalili ya kwanza ya ubongo unaozimika. Kila kitu baada ya hapo ni ndoto ya dakika chache.

#11 Steringi Hafi

Mwalimu, wanafunzi wako wana kazi.

#12 Binti Makambako

@Mwl Fizikia Tukuyu hapo kwenye daftari umenigusa. Mimi nimeitazama jana usiku baada ya fundi kutaja jina, na nilipoona lile daftari nilijiuliza limefikaje. Kama ni ndoto, inaeleweka. Ila basi mbona picha inaanza na kapteni mwenyewe, kabla Miller hajazaliwa? Ndoto ya Miller haiwezi kuanza kabla Miller hajaingia.

#13 Mwl Fizikia Tukuyu

Wewe ukiota unaanzia unapolala? Unajikuta katikati ya jambo.

#14 Binti Makambako

Najikuta MIMI katikati ya jambo, mwalimu. Sijawahi kuota ndoto ambayo simo.

#15 Dereva wa Tunduma

Mnasema haiwezekani mtu kuachwa juu. Imeshatokea. Kuna Mrusi, Sergei Krikalev, aliondoka Mei 1991 akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti, akiwa juu nchi ikafa. Akaachwa huko peke yake mwaka mzima, hela ya kumshusha hakuna.

Mimi nilikaa foleni mpakani siku 11 na mzigo wa shaba, ndani ya kichwa cha lori, na nilianza kuijua kila alama kwenye dashibodi. Sembuse yeye.

#16 Mnyalukolo Halisi

Dereva, pole kwa foleni, ila nikurekebishe kidogo. Krikalev alikaa siku 311, alirudi Machi 25, 1992. Na hakuwa peke yake, kwenye kituo cha Mir alikuwa na wenzake. Miezi ya mwisho alikuwa na Alexander Volkov. Lililobadilika ni kwamba chombo cha Oktoba kilipokwenda, mtu wa kumbadili yeye hakuwemo, ikabidi aongeze zamu. Na kweli alipotua, Kazakhstan alikotua ilikuwa nchi nyingine.

Hata hawa wa juzi, Suni Williams na Butch Wilmore, walikwenda Juni 2024 kwa safari ya siku nane hivi, wakarudi Machi 2025. Frank Rubio naye gari lake lilivuja maji ya kupoozea, akakaa siku 371. Wote walikuwa na wenzao na waliongea na nyumbani.

Aliyekuwa peke yake kwelikweli ni Michael Collins, 1969, wenzake wakiwa chini mwezini. Kila akizunguka nyuma ya mwezi redio inakufa kwa zaidi ya dakika 45. Dakika 45 tu, na watu bado wanaandika habari zake.

#17 Dereva wa Tunduma

Sawa mkuu, nimekubali kuhusu Volkov. Lakini kukaa na mtu mmoja ambaye naye hajui lini anashuka, nako ni upweke. Ulizia madereva na matingo wao.

#18 Mzee wa Mnara

Hamjambo vijana. Mimi si mtu wa picha, huu uzi nimeonyeshwa na binti yangu. Naomba niseme moja kuhusu sauti.

Mwaka 2009 nililinda moto kwenye shamba la miti huku Mufindi. Unakaa kwenye mnara juu ya kilima, kiangazi chote, kazi yako ni kuangalia moshi. Tulikuwa wawili. Wiki ya pili mwenzangu akaumwa akashushwa, na hakuletwa mwingine. Kila saa nabonyeza redio nasema "kweupe", huku chini wananijibu "tumekupata". Hayo maneno mawili nilikuwa nayasubiri kama chakula.

Wiki ya tano redio ikafa. Siku sita. Mle kwenye kibanda kulikuwa na kalenda ya zamani ya majani ya chai, ina mama mmoja anamimina chai, watoto wawili wamekaa mkekani. Nikampa yule mama jina. Nikienda kuchota maji namuaga, nikirudi namwambia ukungu umefika wapi. Hakuna siku nilisahau kuwa ni karatasi. Nilijua. Niliendelea.

Siku ya nne au ya tano, jioni, nimesimama na sufuria mkononi, redio ikaniita jina langu. Sauti ya yule mwenzangu aliyeshushwa. Nikaweka sufuria, nikachukua redio, tukaongea kama dakika mbili. Tulipomaliza nikatazama taa ya redio. Imezima. Nikatoa betri, ilikuwa imevimba, haina kitu.

Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Kwa hiyo huyo kijana wa kwenye picha kusikia anaitwa, mimi sishangai.

#19 Mwana Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Samahani kwa kuuliza, alikwambia nini?

#20 Mzee wa Mnara

Marahaba. Aliniuliza kama maharage yameiva.

#21 Mwl Fizikia Tukuyu

Shikamoo mzee. Naomba kusema kwa heshima kwamba ushuhuda wako unabeba hoja yangu. Mtu akikaa kimya muda mrefu ubongo unajitengenezea wa kuongea naye.

#22 Fundi Spika Uyole

Unabeba nusu, mwalimu. Mzee aliisikia sauti akiwa hai. Hakufa. Wewe ulisema Miller alikufa chumbani. Sasa chagua: alikufa, au yuko hai amechanganyikiwa? Maana kama ni hilo la pili, basi mwisho wake ni mbaya kuliko kifo. Bado yuko humo ndani mwa kituo anaongea na ukuta.

#23 Mwl Fizikia Tukuyu

Hilo naliwaza, fundi. Nipe muda.

#24 Mnyalukolo Halisi

Mimi nina la tatu. Hakwenda angani kabisa.

Warusi walishafanya kitu cha namna hiyo. Mars-500, pale Moscow, Juni 2010 mpaka Novemba 2011. Wanaume sita wamefungiwa siku 520 kwenye vyumba vilivyojengwa kama chombo, ndani ya jengo. Hata mawasiliano waliyachelewesha makusudi ili yafanane na umbali wa Mars. Love imetoka mwaka huohuo.

Turudi kwa Miller. Mtu anapelekwa PEKE YAKE kukagua kituo kizima. Nani anatuma mtu mmoja? Mawasiliano yanakatika yote kwa mpigo. Kituo hakianguki, mwalimu amethibitisha kilipaswa kuanguka. Hewa haiishi miaka sita. Daftari "analikuta". Picha za watu "zimesahauliwa" humo. Mimi naona vimewekwa. Lile jengo kubwa lisilo na mtu ndilo jengo alimokuwa siku zote. Sauti inasema njoo, kila kitu kiko tayari, maana yake jaribio limeisha, toka.

#25 Binti Makambako

Na anavyoelea je?

#26 Mnyalukolo Halisi

Fundi kasema kimejengwa uani kwa mablanketi na mbona anaelea?

#27 Fundi Spika Uyole

Mnyalukolo, hapo umechanganya picha na utengenezaji wa picha, ila nimecheka peke yangu dukani, wateja wananitazama.

#28 Mbozi Chuma

Nyote mnamwangalia Miller. Mimi nilipotazama nilimwangalia yule kapteni anavyosimama mbele ya kile kitu. Nimezaliwa karibu na kimondo cha Mbozi na nimesimama hivyohivyo nikiwa mtoto. Kitu cha tani 12 kimetoka mbinguni kimelala kwenye kilima, hakisemi neno. Unakigusa ni baridi hata saa sita mchana.

Kwangu picha nzima ni hiyo. Kitu kilikuja, kikakaa, kikasubiri mpaka watu wakaweza kukijibu. Briggs hakuweza. Miller akaweza. Kwenye shimo lake pale Mbozi nilikuwa nakaa najiuliza na hiki kinasubiri nani.

#29 Binti Makambako

Mbozi, kimondo hakina shimo la kuangukia. Shimo mnaloliona limechimbwa na watu ili kionekane chote. Nilipeleka wanafunzi pale. Na uzito unaotajwa siku hizi ni tani 16. Kina urefu wa mita tatu hivi, karibu chote ni chuma na nikeli kidogo.

#30 Dereva wa Tunduma

Na kiko Songwe, si Mbeya, kabla mwenye uzi hajajisifu nacho.

#31 Mbozi Chuma

Nilipozaliwa ilikuwa Mbeya. Mkoa umegawanywa 2016, kimondo hakijasogea hata inchi moja. Tani nimekubali, sisi shuleni tulifundishwa 12. Shimo pia nimekubali. Ila hebu mtu aliyewahi kufika aseme kama hakusimama kimya. Pale ncha nyembamba kuna alama walizokata watu waliotaka kipande. Mimi nilikuwa naingiza kidole kwenye hizo alama kila tukienda.

#32 Mwl Fizikia Tukuyu

Nilisimama kimya. Nilikuwa na watoto 40 na wote walinyamaza, jambo ambalo darasani sijalipata.

#33 Sista Zahanati

Habari zenu. Nimeingia kwa kuchelewa kwa sababu ya mtandao, na hilo ndilo jambo langu.

Niko zahanati moja milimani huku Makete. Chini hakuna mtandao. Kuna kilima cha simu, dakika 25 kwa mguu, una jiwe lako unalijua unasimama juu yake. Nikiwa zamu mfululizo naweza kukaa siku tisa sijapanda. Mwaka jana Julai, msimu wa baridi kali, majani yote meupe kwa barafu, nilipanda baada ya siku 12. Simu ikaanza kulia haikunyamaza. Ujumbe 31 kwa pamoja. Mama alikuwa ameniandikia kila siku. Wa kwanza "umelalaje", wa tano "mbona kimya", wa tisa anasema ameota vibaya, wa kumi na mbili amemtuma mdogo wangu aanze safari ya kunifuata. Mimi chini nilikuwa nawaza hakuna anayenikumbuka, kumbe nilikuwa naitwa muda wote.

Kwa hiyo mimi nimefikiria hivi. Ile sauti ilirekodiwa zamani. Labda siku zilezile duniani kulipochafuka, kuna mtu chini kabla hajafa alituma maneno hayo kwa Miller: njoo, tumekuandalia. Mitambo ilikuwa mibovu, haikuyapokea. Mwaka wa sita waya mmoja ukagusana na mwingine yakaingia. Aliyesema ni mtu. Alisema kweli. Ila amekwenda zamani, na Miller anafika anakuta jengo tupu lililoandaliwa kwa ajili yake.

#34 Fundi Spika Uyole

Sista, nimezima muziki dukani.

Hii sijawahi kuisikia popote, na ninasoma maoni ya picha hii tangu 2012. Kuna kitu kinachoisaidia: katikati ya picha wanaingiza watu wa kawaida wanaoongea mbele ya kamera, mmoja mmoja, kama wanahojiwa kuhusu maisha yao na watu waliowapenda. Siku zote nilijiuliza wanaongea na nani. Kwa hesabu yako hao pia ni ujumbe uliochelewa.

#35 Mwl Fizikia Tukuyu

Redio haitunzi maneno njiani, Sista. Mawimbi yakipita yamepita.

#36 Sista Zahanati

Mwalimu, simu nayo haitunzi. Kinachotunza ni mnara. Lile jengo la fundi lenye mitambo ya kumbukumbu ni nini kama si mnara?

#37 Steringi Hafi

Mwalimu amepigwa mbili bila. Na steringi bado hajafa.

#38 Mwl Fizikia Tukuyu

Sijapigwa. Nimesema hewa, na hakuna aliyejibu hewa. Ila nakiri kwamba hii ya Sista ndiyo pekee ambayo ningependa iwe kweli.

#39 Mzee wa Mnara

Binti wa Makete, mdogo wako alifika?

#40 Sista Zahanati

Shikamoo mzee. Alifika. Alipanda basi mpaka Njombe, akalala, akafika kesho yake jioni na viatu vya mjini, miguu imevimba. Nilimkanda kwa maji ya moto. Alikaa wiki.

#41 Mwana Mwanjelwa

Nimerudi, nilikuwa kimya makusudi. Nilimwambia kaka asijisomee hapa, nikampigia Jumamosi nikamsomea uzi wote kwa simu, kuanzia hesabu za mwalimu. Kwenye mzee na maharage alinyamaza mpaka nikadhani laini imekata.

Anasema anaacha neno "alikufa". Ila hakubali kwamba aliitwa. Anasema Miller alikuwa na picha za watu na daftari la mtu, na kwa miaka sita hao ndio waliomlea, kwa hiyo siku hewa ilipokwisha ni wao waliomwita. Nikamuuliza ni kweli au ni kichwani. Akasema hilo swali ni la mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake. Yeye alifika Sumbawanga 2014 hana anayemjua, na hilo sikuwahi kumuuliza.

Fundi, una nakala? Nataka nimpelekee kwenye flashi. Tuitazame pamoja, safari hii na betri ya sola pembeni.

#42 Fundi Spika Uyole

Pita dukani. Na spika ndogo nakuazima, usiitazame kwa sauti ya simu.

#43 Dereva wa Tunduma

Alhamisi napita Mbeya naenda Sumbawanga na mbolea. Kama una mzigo au una miguu, siti ipo.

#44 Binti Makambako

Kabla hamjaondoka. Nimeirudia mara ya pili, na kuna kitu kiko mbele ya macho yetu tangu fundi alipoandika #9, hata mmoja wetu hajakitaja. Kapteni wa 1864 ni Lee Briggs. Mwanaanga wa 2039 ni Lee Miller.

Wote wawili ni Lee.

#45 Mwl Fizikia Tukuyu

Hilo ni jina la kawaida Marekani.

#46 Mbozi Chuma

Mwalimu, hata wewe huamini ulichoandika.

#47 Mwana Mwanjelwa

Nimesimama nikasahau kukaa. Dereva, hiyo siti naichukua. Sasa ngoja nimpigie kaka.